Utepe wa Rangi Tatu

Neno «msaada» lasemwa sana katika nchi yetu. Likitajwa, wengi huwaza gari jeupe lenye bendera, magunia yaliyopangwa vizuri, na Mzungu mwenye daftari mkononi. Hatusemi kwamba hayo hayapo. Lakini watumishi wa misaada walio wengi huko vijijini ni wana wa nchi hii: wauguzi, madereva na walimu waliowaacha jamaa zao mjini, nao hulala katika chumba cha udongo karibu na kituo cha afya. Leo twapenda kuwaeleza kazi yao ya kila siku katika milima ya Bushi, upande wa Walungu, kama tulivyoiona kabla ya vita kufika Bukavu mwezi wa Februari 2025.

Mtumishi tuliyefuatana naye kwa juma zima ni mwuguzi, mzaliwa wa Kinshasa. Kazi yake ni kutafuta watoto wadogo waliodhoofishwa na chakula kibaya na kuwatunza. Alipofika mara ya kwanza alijua Kilingala na Kifaransa tu. Siku hizo watoto wa kijiji walimkimbilia wakipiga kelele «Mzungu! Mzungu!» ingawa ngozi yake ni nyeusi kama yao. Sasa huwasalimu wazee kwa Kimashi, nao humcheka kwa matamshi yake, lakini hufurahi.

Njia na matope

Huamka saa kumi na moja alfajiri. Kwanza huhesabu maboksi, maana kifuko kimoja kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Kisha hupanda pikipiki pamoja na dereva. Mvua ikinyesha usiku, udongo mwekundu wa milima hugeuka sabuni, na daraja la miti huchukuliwa na mto. Hapo pikipiki huachwa, na maboksi hubebwa kichwani. Akina mama wa Bushi, waliozoea kubeba mizigo mizito kwa kamba iliyozungushwa kipajini, hupita mbele upesi wakimwambia, «Pole, muganga!» Naye hufuata nyuma akihema.

Akifika hasemi habari za kazi mara moja. Huwaamkia wazee, huuliza habari za wagonjwa na za mvua. Alituambia kwamba mwaka wake wa kwanza aliona desturi hiyo kuwa kupoteza wakati. Sasa ajua kwamba asiyeamkia watu haonyeshwi mtoto mgonjwa.

Mkono wa mtoto

Chombo chake kikubwa ni kidogo sana: utepe wenye rangi tatu. Huuzungusha katikati ya mkono wa juu wa kushoto wa mtoto mwenye umri wa tangu miezi 6 hata miaka 5. Mkono ukiwa na milimita 125 au zaidi, utepe waonyesha rangi ya kijani: mtoto ni salama. Kati ya 115 na 124 waonyesha manjano: hatari yakaribia. Chini ya 115 waonyesha nyekundu: mtoto aweza kufa asipotunzwa upesi. Kisha hubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, akihesabu polepole. Akiondoa kidole na shimo likabaki katika miguu yote miwili, mtoto huyo ni mgonjwa sana hata kama mkono wake ni mnene, kwa maana unene huo ni maji.

Siku ya pili tulimwona mama aliyetembea saa tatu na mtoto wake mgongoni. Utepe ukaonyesha milimita 117. Kwa mtoto wa manjano mahali pale hapakuwa na vifuko. Palikuwa na mashauri tu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, «Basi, muganga, nimrudishe atakapokuwa mwekundu?»

Mwuguzi alinyamaza kidogo. «Hapana, mama,» akajibu. «Mrudishe juma lijalo, hata kama hakuzidi kukonda. Nataka kumwona.» Mama akafunga nguo yake na kuondoka. Milimita chache ndizo zilizowatenga mtoto yule na boksi lililokuwa wazi mbele ya macho yake. Sheria hiyo ina sababu yake, kwani vifuko havitoshi, na wanaokaribia kufa hutangulia. Lakini mwenye kuitimiza sheria ndiye anayemtazama mama usoni.

Bwaki

Ugonjwa wa kuvimba huitwa bwaki huko Kivu. Waganga wa dunia nzima huuita kwashiorkor, neno la Waga wa Ghana, ambalo mganga Cicely Williams aliliingiza katika elimu ya tiba katika miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuzaliwa mdogo wake. Nywele huwa nyepesi na nyekundu, ngozi huchubuka, uso huvimba, na mtoto hataki kucheza wala kula. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, ndipo palipojengwa kituo kikuu cha IRSAC, taasisi ya elimu iliyoundwa mwaka 1947. Hapo waganga waliwachunguza watoto wa bwaki kwa miaka mingi, na hata leo wataalamu hawajamaliza kueleza kwa nini mtoto mmoja huvimba na mwingine hukonda.

Mgeni hushangaa: mbona milima ni ya kijani, na watoto wana bwaki? Lakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Muhogo hujaza tumbo bila kujenga mwili. Migomba nayo imeshambuliwa na ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana Masisi mwaka 2001. Maharagwe, mayai na sambaza wa ziwani hupelekwa sokoni ili kupata sabuni, chumvi na ada ya shule. Hivyo chakula chema hupita mlangoni kwa mtoto bila kuingia kinywani mwake.

Kifuko cha karanga

Zamani mtoto wa namna hiyo alilazwa majuma mengi akinyweshwa maziwa ya dawa. Mwaka 1996 Wafaransa wawili, mganga André Briend na mtengeneza vyakula Michel Lescanne, walibuni chakula cha karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Kila kifuko kina gramu 92. Hakihitaji maji wala moto, wala hakiharibiki upesi. Mtoto mwenye hamu ya kula aweza kutunzwa nyumbani, akirudi kupimwa kila juma. Mwenye kuvimba sana, au asiyetaka kula, hupelekwa hospitali. Huko hupewa kwanza maziwa mepesi, kidogo kidogo, kwa maana mwili uliochoka hauwezi kupokea chakula kingi kwa ghafula. Moyo wenyewe waweza kushindwa.

Kifuko ni cha mtoto mmoja tu. Lakini mwenye kaka wanne wanaomtazama, atakulaje peke yake? Tangu utotoni twafundishwa kwamba anayekula kwa kujificha ni mchoyo. Mwuguzi wetu hawakemei akina mama kwa jambo hilo. Huwaambia: «Mama, hiki kiite dawa, usikiite chakula. Dawa ya mgonjwa hailiwi na wazima.» Neno hilo hueleweka kuliko makaripio.

Mama aliyeondoka hospitalini

Siku ya nne alipata habari kwamba mama mmoja alikuwa ameondoka hospitalini usiku pamoja na mtoto aliyevimba. Katika daftari la hospitali palikuwa pameandikwa neno moja tu: «ameacha». Tukamfuata mama huyo nyumbani kwake, mwendo wa saa mbili. Tulimkuta akilima shamba la watu kwa ujira. Mumewe alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Kamituga.

«Muganga,» akasema bila kuacha jembe, «mmoja ni mgonjwa, watatu wako nyumbani. Nikikaa hospitali na yule, hawa watakula nini?»

Mwuguzi hakuwa na jibu katika vitabu vyake. Akaenda kuketi na mama mkwe wa yule mama, akamweleza habari ya moyo wa mtoto. Bibi akafikiri sana, akasema, «Mwanangu, mbona hamkuniuliza mimi tangu mwanzo? Nitakaa naye mimi.» Jioni ileile alibebwa pamoja na mjukuu wake kwa pikipiki. Siku tulipoondoka, uvimbe wa miguu ulikuwa umeanza kupungua, lakini mtoto alikuwa hajacheka bado.

Utepe mkononi mwa mama

Kutokana na mambo hayo twaona kwamba msaada haufiki kwa gari. Gari huishia barabarani, na pikipiki huishia kwenye mto. Sehemu ya njia iliyobaki hupitiwa na mama, na bibi, na jirani. Mtumishi asiyeuliza habari zao huandika «ameacha» na kufunga daftari.

Wengine wameelewa hivyo. Nchini Niger, katika wilaya ya Mirriah, miaka ya 2013 na 2014, akina mama walipewa utepe wenyewe na kufundishwa kupima watoto wao. Watoto wagonjwa waliletwa mapema zaidi, na wachache tu walihitaji kulazwa. Jambo hili lina maana kubwa kwetu, kwa kuwa mwaka 2025 vita vilifika Bukavu, na mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipunguza mno fedha za misaada. Boksi laweza kukosekana. Ujuzi ulio mkononi mwa mama hausimamishwi na kizuizi cha barabarani.

Nanyi wanafunzi, msiseme kwamba haya ni ya wakubwa. Mdogo wako akinyamaza siku nzima, asitake mchezo wala ugali, mtazame miguu. Bonyeza kwa kidole gumba, hesabu polepole hata tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mwambie mama bila kungoja, na mmpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Msione haya, wala msimlaumu mama kwamba alipata mimba upesi au kwamba nyumba imelogwa. Bwaki ni ugonjwa, nao unatibika. Na kama nyumbani mna yai moja au sambaza wachache waliobaki, kabla hawajapelekwa sokoni, ombeni kwa heshima sehemu ya mtoto mdogo.