Unyevu Chini ya Gunia: Tujihadhari na Sumukuvu Sokoni



Sote tumesoma darasani kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema imenyeshewa mvua. Mtume akamtaka iliyolowa aiweke juu watu waione, na akakemea udanganyifu. Kisa hiki kinatuhusu sana watu wa Tunduma na Songwe, ambako mahindi ni chakula na ni biashara, kuanzia mashamba ya Mbozi na Momba hadi mpakani na Zambia.

Je, kuna hatari gani katika unyevu? Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Ikiingia nyingi mwilini huharibu ini na kuua. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu 20 katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Basi sumukuvu huua watu, na huua soko pia.

Tufanye nini?

1. Tuanike mahindi juu ya turubali, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5.

2. Tuyapime kwa chumvi. Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yarudishwe juani.

3. Magunia tuyapange juu ya mbao, mbali na ukuta, na tuyafunike mvua inapokuja.

4. Kabla ya kusaga, tutoe punje zilizovunjika, zilizooza au kubadilika rangi. Tusiwape mifugo, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa. Kukoboa nako huipunguza.

Mnunuzi asione haya kuomba gunia lifunguliwe atie mkono hadi chini. Muuzaji mkweli hatachukia. Na anayechanganya yaliyolowa na makavu ili mizani iwe nzito, ajue kuwa anauza maradhi, na huenda yakaliwa na mtoto wa jirani yake.

Allah atujaalie riziki ya halali na iliyo salama. Aamin.