Gari safi la dizeli na safari fupi za Kisiwa cha Mombasa

Kwa miaka mingi, mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, akisikia neno dizeli alifikiria matatu, lori la bandarini na moshi mweusi. Gari dogo la abiria linalotumia mafuta hayo lilikuwa adimu, na chanzo cha uadimu huo kilikuwa Japani. Huko ndiko yatokako magari mengi ya mitumba yanayoteremshwa Kilindini, na huko dizeli ilikuwa imechukiwa. Oktoba 2003 jiji la Tokyo lilianza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha moshi, na wanunuzi wa magari ya kawaida nao wakaikimbia.

Hali ilianza kugeuka mwaka 2012, Mazda ilipoingiza sokoni gari la CX-5 lenye injini ya dizeli ya lita 2.2. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo haukupita muda mrefu kabla ya magari hayo kufika katika yadi za Mombasa. Wauzaji waliyasifia kwa mambo mawili: hayali mafuta mengi, na moshi wake hauonekani.

Sifa hizo si za uongo. Tatizo ni kwamba zina masharti.

Sharti la kwanza ni mafuta yenyewe. Salfa iliyomo ndani ya dizeli huharibu vifaa vya kusafishia moshi. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilijengwa zama ambazo jambo hilo halikumshughulisha mtu. Kilisimamisha usafishaji mwaka 2013, Kenya ikabaki kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo. Kuanzia Januari 1, 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika kila milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ingawa injini hizo ziliundwa kwa mafuta ya Japani, ambako kikomo ni sehemu 10.

Sharti la pili ni gumu zaidi kwa mkazi wa kisiwani. Ndani ya bomba la moshi mna kichujio kinachonasa masizi. Kikijaa, kompyuta ya gari huongeza mafuta ili kukipasha joto hadi nyuzi 600 hivi, na masizi yakaungua. Kazi hiyo huhitaji gari liende mfululizo, kwa mwendo wa kasi, kwa robo saa au zaidi.

Ni wapi kisiwani pa kupata robo saa kama hiyo? Kutoka Ngome ya Yesu hadi Makupa ni kilomita chache tu, na nyingi huliwa na msongamano. Katika vichochoro vya Mji wa Kale gari hutambaa nyuma ya mkokoteni. Anayekwenda Likoni huizima injini akisubiri feri. Uchomaji ukikatizwa kila mara, kichujio huziba, na mafuta yasiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili ya injini. Mwenye gari akiona oili inapanda badala ya kupungua, asifurahi. Anayesafiri kila wiki kwenda Voi au Malindi huenda asiyajue kamwe mashaka haya.

Kichujio kipya ni ghali. Hapo ndipo baadhi ya mafundi hushauri kitolewe na kompyuta idanganywe kwamba bado kipo. Gari hupata nguvu, taa ya onyo huzimika, na masizi hurudi vibarazani, wanakokaa wazee na wanakocheza watoto. Masizi hayo si uchafu wa nguo tu. Juni 2012 Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani, lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani.

Udanganyifu wa kompyuta haukuanzia Mombasa. Marekani ilikuwa na mafuta safi kuliko ya Kenya, yenye salfa isiyozidi sehemu 15, tangu mwaka 2006. Hata hivyo, Septemba 2015 ilibainika kwamba Volkswagen ilikuwa imetega programu iliyopunguza gesi chafu wakati wa majaribio pekee. Magari milioni 11 duniani yalihusika. Mazda ilipoipeleka CX-5 ya dizeli katika soko hilo mwaka 2019, ililazimika kuiongezea mfumo wa yurea wa kusafisha gesi, na wanunuzi walikuwa wachache mno hata ikaondolewa upesi.

Nchini Kenya, magari ya biashara hupaswa kukaguliwa kila mwaka, lakini mwaka mzima ni mrefu, na kichujio kilichotolewa hakionekani kwa macho. Mnunuzi aliye yadi ana njia moja rahisi ya kujihadhari: injini ikiwa imepoa, atie kidole ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Palipo na kichujio kizima, kidole hutoka karibu safi. Kikitoka cheusi tititi, na aulize maswali kabla ya kutoa pesa.