Peintiboli katika Nyika za Kitui na Makueni: Vifaa na Kanuni za Usalama

Peintiboli ni mchezo wa kuviziana ambamo timu mbili au zaidi hutumia bunduki zinazoendeshwa na gesi iliyoshindiliwa kufyatulia vidonge vidogo vilivyojaa rangi, na mchezaji ambaye kidonge kimempasukia mwilini au kwenye kifaa alichobeba huhesabiwa ametolewa, akatoka uwanjani mpaka raundi imalizike. Nchini Kenya mchezo huu umezoeleka zaidi katika viwanja vya burudani vya Nairobi na viunga vyake, ambako makampuni huwapeleka wafanyakazi wao wakazoeane nje ya ofisi. Hata hivyo, Kaunti ya Kitui, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na jirani yake Makueni, yenye karibu 8,000, zina ardhi ambayo kiwanja cha mjini hulazimika kuiiga kwa mapipa na magurudumu makuukuu: vichaka vya migunga, majabali, makorongo, na mito ya mchanga isiyo na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayefikiria kuanzisha mchezo huu huko, au kuwapeleka wanafunzi na vijana wa kanisa wakaucheze, anahitaji kwanza kuelewa kwamba bunduki ndiyo sehemu isiyo na uzito mkubwa katika shughuli nzima, na kwamba mchezo husimama au huanguka kwa barakoa na kwa utii wa wachezaji.

Asili ya vifaa hivi haikuwa vita wala michezo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya rangi ya Nelson, nchini Marekani, ilikuwa ikiuza bastola iliyoundwa na kampuni ya Daisy na kuitwa Nel-Spot 007, ambayo wasimamizi wa misitu waliitumia kutia alama miti iliyochaguliwa kukatwa bila kulazimika kuifikia mmoja mmoja, na wafugaji wakaitumia kutia alama ng'ombe waliotaka kuwatenga na kundi. Tarehe 27 Juni 1981 watu 12, wakiwemo mwandishi Charles Gaines na rafiki zake Hayes Noel na Bob Gurnsey, walikutana katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, kila mmoja na bastola yake, ili kumaliza ubishi wa muda mrefu kuhusu nani angefaulu zaidi porini kati ya mtu wa mjini na mtu aliyezoea msitu. Kila mshiriki alitakiwa kukusanya bendera zilizowekwa katika vituo mbalimbali bila kupigwa, na mshindi alikuwa Ritchie White, mtaalamu wa misitu, ambaye inasimuliwa kuwa alizipata bendera zake zote bila kufyatua hata mara moja. Habari hiyo ingefaa kusomewa kila kijana anayefika uwanjani akidhani kwamba ushindi hupimwa kwa wingi wa vidonge alivyomwaga.

Ukambani, yaani nchi ya Wakamba zilimo kaunti hizi mbili, jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Wawindaji wa Kikamba walisifika Afrika Mashariki kwa uta na mshale uliopakwa sumu ya msunguti, ambayo kwa Kikamba huitwa ivai, na kwa kuwa mshale wa aina hiyo hauna nguvu ya kumwangusha tembo papo hapo, mwindaji alilazimika kunyemelea karibu sana, akiupima upepo na kuchagua mahali pa kukanyaga. Sehemu ya mshale iliyopakwa sumu ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, ambao uliizuia sumu isikauke na ulimlinda mwenyewe asijichome akiwa safarini, na ukanda huo haukuondolewa mpaka windo liwe karibu. Mishale ilitiwa alama ya mwenyewe ili pasiwe na ubishi juu ya aliyemwua mnyama, kama vile ng'ombe na mizinga ya nyuki ilivyotiwa alama za ukoo. Uwindaji ulipigwa marufuku kote nchini Kenya mwaka 1977, na ujuzi wa kunyemelea ukabaki kwa wazee. Peintiboli haiwezi kuurithi wote, lakini inauhitaji kuliko inavyohitaji mkono mwepesi.

Kidonge chenyewe hutengenezwa kwa jelatini, yaani ute mgumu utokanao na ngozi na mifupa ya wanyama, ambao ndio hutumika kutengenezea pia vidonge laini vya dawa, na ndani yake huwa na mchanganyiko mzito wa rangi inayotoka kwa maji ya kawaida. Kipimo kilichoenea zaidi ni cha kipenyo cha takriban milimita 17, chenye uzito wa gramu 3 hivi; kipo pia kidonge kidogo zaidi, cha milimita 13 hivi, ambacho hupiga kwa nguvu ndogo na kwa hiyo huwafaa watoto. Jelatini hulainika kwa joto na unyevu, kidonge kikavimba na kukwama ndani ya mtutu, kwa hiyo katoni ya vidonge iliyoachwa juani kwenye buti la gari katika miji ya Wote au Mtito Andei huenda ikawa imeharibika kabla mchezo haujaanza. Vidonge hukaa katika kopo lililofungwa juu ya bunduki, nalo kwa kawaida hubeba takriban 200, vikiteremka kimoja kimoja hadi kwenye chemba, kisha gesi huvisukuma nje kila kifyatulio kinapovutwa.

Gesi hiyo ni ya aina mbili, na kwa mazingira ya Kitui na Makueni tofauti yake ina maana kubwa. Aina ya kwanza ni kaboni dioksidi, ambayo hukaa mtungini ikiwa sehemu kimiminika na sehemu mvuke, na shinikizo lake hufuata joto la mtungi: katika nyuzi 20 za selisiasi huwa karibu bar 57, katika nyuzi 30 hufikia karibu bar 72, na ikipita nyuzi 31 kimiminika hakibaki tena ndani, shinikizo likazidi kupanda kwa kadiri joto linavyoongezeka. Bunduki rahisi isiyo na kidhibiti kizuri cha shinikizo, ikipimwa saa mbili asubuhi kukiwa na ubaridi, yaweza kufyatua kwa kasi ya hatari saa nane mchana huko Kibwezi, ingawa hakuna aliyeigusa skrubu yake. Aina ya pili ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa hadi bar 200 au 300, ambayo haiyumbishwi na joto kwa kiasi hicho, ila mtungi wake hutaka kompresa maalumu ya kuujaza na mtu aliyefunzwa, na mdomo wake wa kujazia haupaswi kabisa kutiwa mafuta ya kulainisha, kwa kuwa hewa ya shinikizo kubwa ikikutana na mafuta yaweza kuyawasha. Kwa aina zote mbili, anayefungua mtungi kutoka kwenye bunduki ahakikishe kwamba mtungi unazunguka pamoja na vali yake. Vali ikisalia kwenye bunduki huku chupa ikifunguka, chupa huruka kama roketi, na nchini Marekani watu wamewahi kufa kwa njia hiyo.

Kwa sababu hizo kila kiwanja chenye kujiheshimu huwa na kipima mwendo, chombo kidogo kinachosoma kasi ya kidonge kinapotoka mtutuni. Kikomo kinachokubalika kwa kidonge cha kawaida ni mita 91 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 320 kwa saa, na viwanja vingi hushusha kikomo hicho hadi mita 85 au chini yake. Penye joto kama la nyanda za chini za Makueni, upimaji wa asubuhi hautoshi, na refa anapaswa kuzirudia bunduki zote baada ya mapumziko ya mchana.

Kidonge chenye kasi hiyo huacha alama nyekundu au uvimbe kwenye ngozi, na maumivu yake hupita. Kikigonga jicho lisilokingwa chaweza kulipasua, kuibandua retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, au kuleta mtoto wa jicho miaka kadhaa baadaye. Miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma, au ile ya mwendesha bodaboda, haifai hata kama inaonekana nene, kwa sababu haikuundwa kustahimili pigo la aina hiyo, na huvuka usoni mtu akikimbia. Kinachotakiwa ni barakoa iliyotengenezwa mahsusi kwa peintiboli, yenye kioo cha plastiki ngumu kinachofunika macho, pamoja na kinga ya mdomo, pua na masikio, ikiwa imefungwa kwa mkanda usiolegea. Ukungu ukitanda kwenye kioo, na kwa jasho la Ukambani hutanda upesi, mchezaji hainui barakoa ili afute: huinua mkono, huita refa, na huongozwa hadi eneo salama, kwa kuwa majeraha mabaya ya macho huwapata zaidi watu waliovua barakoa kwa nukta chache wakidhani hakuna anayewalenga. Kanuni hii inamhusu pia mtazamaji, mpiga picha na mzazi aliyekuja kumtazama mwanawe, wote waliosimama upande wa ndani wa wavu unaouzunguka uwanja.

Kanuni nyingine hushikwa kwa urahisi, na ugumu wake uko katika kuzitii mtu akiwa amehemkwa. Nje ya mipaka ya mchezo mtutu huvikwa mfuko wa kitambaa kigumu uliofungwa kwa kamba, nao hauvuliwi mpaka refa aamuru, kwa busara ileile ya ukanda wa ngozi ya mwindaji. Mchezaji hafyatui bila kuona anakolenga, hampigi mtu aliyekwisha kuinua mkono kuonyesha ametoka, na akimkuta mpinzani ndani ya mita 3 humtaka ajisalimishe badala ya kumpiga. Aliyepigwa na kidonge kisichopasuka hajatoka. Aliyepatwa na doa la ukubwa wa sarafu ametoka, na akilifuta kwa siri ametenda udanganyifu unaodharauliwa kuliko wowote mwingine katika mchezo huu.

Mavazi ni suruali ndefu, shati la mikono mirefu, glavu na viatu vinavyoshika kifundo cha mguu. Katika kiwanja cha saruji mavazi hayo hupunguza tu maumivu ya kidonge, lakini katika vichaka vya Mutito au Kibwezi huzuia pia miiba ya vikwata, visiki vilivyoachwa na wachoma makaa, na kifutu, nyoka anayelala kimya kwenye majani makavu na ambaye hasogei mpaka akanyagwe. Kabla ya siku ya mchezo waandaaji hupaswa kulikagua eneo hatua kwa hatua, na katika kaunti hizi ambamo ufugaji wa nyuki umeenea, waangalie na juu pia, kwani mizinga ya magogo huning'inizwa mitini na kidonge kimoja kilichopotea kikiugonga mzinga wenye nyuki, hakuna barakoa ya peintiboli itakayomfaa mtu. Maji ya kunywa yakadiriwe kwa wingi kuliko vidonge. Msimu mwafaka ni kuanzia Juni hadi Septemba, baina ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, wakati ambapo hali ya hewa ni ya ubaridi kiasi na mashamba mengi yamekwisha kuvunwa.

Mahali napo pana mipaka yake. Hifadhi ya Kitui Kusini, ile ya Mwingi na Mbuga ya Tsavo, inayopakana na kaunti zote mbili, si viwanja vya michezo ya namna hii. Bunduki ya rangi hufanana mno na bunduki halisi ikionekana kwa mbali, na katika maeneo ya mashariki ya Kitui, yanayopakana na Tana River na ambako watu wameuawa katika migogoro ya malisho, kijana anayetembea nayo begani barabarani anayahatarisha maisha yake mwenyewe. Kwa hiyo bunduki husafirishwa ndani ya sanduku, mtungi ukiwa umeondolewa, na chifu pamoja na kituo cha polisi kilicho karibu hupewa taarifa mapema. Silaha nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye nia ya kuagiza vifaa hivi kutoka nje ni vyema aiulize Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha kabla ya kulipa, wala si baada ya mzigo kuzuiliwa bandarini Mombasa.

Mchezo ukiisha hubaki kazi ambayo waandaaji wengi huipuuza. Rangi iliyopasukia kwenye miti na majabali huondolewa na mvua, lakini vidonge vizima vilivyoanguka mchangani vina utamu kiasi, na mbwa aliyevila kwa wingi hupata kiu kali, hutapika, huyumba na aweza kufa, kwa sababu vitu vilivyomo ndani huvuta maji ya mwili kuingia tumboni na kuacha chumvi imezidi katika damu. Kwenye ardhi inayotumiwa na wafugaji, kila timu huokota vyake kabla ya kupanda gari.