Miaka mitano ya kungoja: maisha ya mchezaji wa raga



Hapa Kiringye mchezo wetu ni mpira wa miguu. Wengi wetu hatujaona raga. Inachezwa na watu 15 kila upande, kwa dakika 80, na mpira wenye umbo la yai. Mchezaji anakimbia nao mikononi, lakini hawezi kuurusha mbele kwa mkono. Wapinzani wanamkamata na kumwangusha, kwa hiyo kuumia ni jambo la kawaida. Tangu mwaka 1995 raga hiyo inaruhusu wachezaji wa kulipwa: mtu anasaini mkataba, klabu inampa mshahara.

Yannick Nyanga alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akakulia Ufaransa. Alicheza Béziers, akahamia Toulouse mwaka 2005, akavaa jezi ya taifa la Ufaransa. Mwezi wa nane 2007, siku chache kabla ya Kombe la Dunia lililofanyika Ufaransa kwenyewe, aliumia goti katika mechi na Wales. Kombe likampita. Alipopona, wengine walikuwa wamechukua nafasi yake.

Aliendelea na kazi katika klabu yake. Toulouse ikawa bingwa wa Ulaya mwaka 2010. Ekipe ya taifa ilimrudisha mwaka 2012 tu. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, kabla ya mechi na Australia, wimbo wa taifa ulipoimbwa alilia mbele ya watu wote. Alistaafu mwaka 2018, akiwa na miaka 34 tu. Katika umri huo mwalimu au mkulima bado ana miaka mingi ya kazi mbele yake.

Kwa sababu hiyo tunawaambia vijana: chezeni, lakini msiache masomo. Goti linaweza kuvunja mkataba kwa dakika moja.

Nasi wazee wa kanisa tuna deni. Katika ushirika wetu kuna kijana aliyevunjika mguu uwanjani. Alipofunga mabao tulimpigia vigelegele. Tangu alale nyumbani, tumemtembelea mara moja tu. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wanaoshindana mbio, na katika barua ileile akawaambia juu ya mwili mmoja ambao kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia. Tulihubiri la kwanza, tukasahau la pili.

Jumapili hii, baada ya ibada, tutakwenda kwake. Na ninyi, ni nani anayewangoja?