Miadi Katika Simu ya Mkononi

Mama aliyepewa kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi, akafika nyumbani akakuta kuni zimekwisha, mtoto mkubwa ana homa na mgeni yuko barazani, hastahili lawama ikiwa tarehe ile imemtoka moyoni kabla mwezi haujaandama. Maana kumbukumbu ya mwanadamu ni jahazi lenye wasaa wake, na kila shehena mpya inayopakiwa huisukuma nyingine baharini. Walakini mama huyo, na aghalabu mumewe pia, ana simu ya mkononi, walau ile ya kitochi, na ndani ya simu hiyo mna mtunza miadi asiyedai ujira.

Nianze na kengele, ambayo haihitaji salio, wala bando, wala hata laini. Katika Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka 2003, kengele ililia hata simu ikiwa imezimwa, hivyo aliyehifadhi chaji kwa kuizima usiku hakupotewa na alfajiri yake. Lakini hapa pana tatizo linalotuhusu sisi hasa. Waswahili huhesabu saa tangu macheo na tangu machweo, ilhali simu huanza hesabu yake saa 6 ya usiku. Mgonjwa aliyeambiwa ameze dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, akaandika 2:00 kama alivyosikia, ataamshwa saa 8 ya usiku, nyumba nzima itaamka pamoja naye, na kesho yake hataitega tena. Kwa simu inayohesabu saa 24, saa yetu ya mchana huongezewa 6, saa ya usiku kabla ya saa 6 huongezewa 18, na ya baada ya hapo hupunguzwa 6. Basi mgonjwa wetu angeandika 08:00 na 20:00. Muuguzi anayetoa dawa angefanya hisani kubwa kama angemtegea mgonjwa kengele hiyo palepale dirishani, kwani kazi yenyewe haizidi dakika mbili.

Kalenda ya simu nayo hutunza tarehe za mbali: ada ya shule, chanjo, deni la dukani. Siri moja tu: andika jambo lenyewe, kwa sababu kengele isiyo na jina humwacha mtu akijiuliza imelilia nini.

Kuna tena ukumbusho unaotoka nje ya simu. Mwezi wa Novemba 2012 Tanzania ilizindua huduma ya Wazazi Nipendeni, ambapo mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, akaeleza umri wa mimba yake, kisha akapokea bure, kwa Kiswahili, ujumbe uliolingana na majuma yake: kuhudhuria kliniki, kulala ndani ya chandarua chenye dawa, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Mume pia aliweza kujiandikisha, jambo ninalolisifu kwa dhati, maana mimba ya nyumba moja isiachwe kukumbukwa na mtu mmoja. Na ujumbe mfupi, ingawa hauzidi herufi 160, una fadhila ambayo simu ya sauti haina: ukikuta simu imezimwa husubiri katika kituo cha kampuni, ukafika simu inapowashwa, kwa hiyo hata anayechajisha dukani mara mbili kwa juma huupata.

Wako watakaouliza kama maneno machache hayo yana athari yoyote. Jawabu lilipatikana Kenya, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, ambako wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliulizwa kila juma neno moja tu, "Mambo?", nao wakatakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48; aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010: waliozingatia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa walioulizwa, na asilimia 50 kwa wasioulizwa. Tazama pia busara ya neno lenyewe: yeyote aliyeishika simu ile nyumbani aliona salamu, asione maradhi.

Utafiti mwingine, wa Chulaimbo, magharibi ya Kenya, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba ukumbusho wa kila juma ulisaidia, na ule wa kila siku haukusaidia. Sikio huzoea, na kilichozoeleka hakisikiki. Kwa insafu, basi, nasema mwenye kengele kumi kwa siku amejidhulumu. Atege mbili au tatu za mambo asiyoweza kuyakosa, na yaliyobaki ayaache katika kalenda.

Nawe msomaji, kadi ya kliniki ya mtu wa nyumbani mwako iko wapi sasa hivi? Ichukue, soma tarehe yake, uiandike katika simu yako pamoja na jina lake, na kengele uitege jioni ya kuamkia siku hiyo.