Kijana wetu Marekani: je, amuwekee mwenzake bastola?

AlhamduliLlaah. Mzazi anatuuliza: mwanawe anasoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na mwenzake wa nyumba, ambaye ni raia, amemuomba amuwekee bastola akisafiri. Je, kuna ubaya?

Wengi wetu tunadhani kule silaha ni ruhusa kwa kila mtu. Sivyo. Katiba yao inatambua haki hiyo, lakini sheria za shirikisho zimeiwekea mipaka hatua kwa hatua. Mwaka 1934, zama za magenge, bunduki za rashasha zilitakiwa zisajiliwe na kulipiwa kodi ya dola 200. Mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, wauzaji walibanwa zaidi kwa leseni, na makundi kadhaa, wakiwemo waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, yakakatazwa kumiliki. Sheria ya 1993 ikaleta uchunguzi wa mnunuzi kabla hajauziwa dukani.

Mwenye viza ya muda naye amekatazwa, isipokuwa hali chache, kama kuwa na leseni ya uwindaji. Na katazo si la kununua tu. Hata kukaa nayo ni kosa. Kifungo chaweza kufika miaka 15, na masomo ndiyo basi tena.

Aliyepokea viza ameingia ahadi, na Muislamu hutimiza ahadi. Kuhifadhi amana ni wema, lakini si wajibu kupokea amana itakayokuangamiza. Basi kijana akatae kwa upole.

Na Allaah Anajua zaidi.