Mwaka Mmoja wa Sinema za Shambani

Watu wengi hupenda kutazama sinema, lakini ni wachache wanaojiuliza baadaye wamepata faida gani. Kikundi kimoja cha wakulima wa Makueni kimejiuliza swali hilo. Kwa muda wa mwaka mzima, mara moja kila mwezi, wanachama wake walikutana jioni darasani, wakatundika shuka nyeupe ukutani, na kutazama filamu za kilimo kwa projekta inayotumia nguvu za jua. Mwisho wa mwaka waliketi kufanya hesabu.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, ulitengeneza filamu fupi 35. Zilionyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, na katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Sauti yake ilitoka katika sahani za santuri. Lakini lori la sinema lilipoondoka, filamu nayo iliondoka. Siku hizi filamu hubaki kijijini, na mtu aweza kuirudia apendavyo. Wakulima wa Makueni waligundua kwamba faida yote imo katika kuirudia.

Filamu ya Januari ilihusu kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Hilo si jambo dogo kwa watu wa Makueni. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini, inayoletwa na kuvu katika mahindi yenye unyevu, iliwapata watu 317 katika sehemu za mashariki ya Kenya, na 125 kati yao wakafa. Watazamaji walipiga makofi, wakaenda zao. Mwezi wa Februari kamati ilipowatembelea, ilikuta mahindi ya wengi yameanikwa juu ya udongo mtupu kama zamani.

Mama mmoja alieleza sababu. “Chupa ya chumvi niliiona,” alisema, “lakini ilipita upesi. Sikujua ni chumvi kiasi gani.”

Basi filamu ikaonyeshwa tena, ikisimamishwa kila hatua, na watu wakiwa na chupa mikononi. Chukua chupa kavu yenye ujazo wa mililita 750. Tia mahindi mpaka theluthi moja, na chumvi kavu kama vijiko vinne vya chai. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Yaongezewe jua juu ya turubai mpaka yafike asilimia 13.5.

Tangu siku hiyo kikundi kiliweka sheria: kila filamu itazamwe mara mbili, na kabla ya mkutano unaofuata ijaribiwe katika shamba moja.

Filamu ya nzi wa matunda ilileta fundisho jingine. Ilionyesha kuokota maembe yote yaliyoanguka na kuyafukia shimoni, kina cha nusu mita au zaidi, ili mabuu yasipate kuwa nzi. Lakini mkulima akifukia peke yake, nzi watatoka kwa jirani. Kwa kuwa majirani waliitazama pamoja, walikubaliana kuokota pamoja.

Si filamu zote zilizofaa. Ile ya mpunga ilipendeza macho, lakini Makueni ni nchi kavu. Ile ya kuchimba mashimo ya kukinga maji ilionyeshwa mvua ikiwa imekwisha anza, na watu walikuwa wamekwisha panda.

Kwa hiyo, wakulima mnaotaka kuanza, kumbukeni haya:

1. Chagueni filamu kwa kufuata ardhi yenu na majira, mwezi mmoja kabla ya kazi yenyewe.

2. Isimamisheni, mkaulizane maswali.

3. Fanyeni kwa mikono yenu wiki ileile.

Katika hesabu yao, filamu zilizokumbukwa na wote ni zile zilizofanyiwa kazi. Na msimu uliofuata, chupa ya chumvi ilionekana nyumba kwa nyumba. Ukiwa na swali juu ya kukausha mahindi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla hujajaza ghala.